Makanisa Yanayoshika Rekodi: Kutoka Gerezani Hadi Mkunazini

Simama kituoni Mbagala asubuhi usikilize makondakta. "Gerezani! Gerezani!" wanaita mpaka sauti zinakauka, na abiria wanajazana mlangoni bila hata mmoja kuwaza kwamba neno hilo lilianza maisha yake kama kanisa. Wareno waliotia nanga pwani hii mwishoni mwa karne ya 15 waliita kanisa "igreja". Makanisa yao yalikaa ndani ya ngome au ubavuni mwake, ngome zikaja kuwa mahali pa kufungia watu, na ulimi wa Kiswahili ukalibeba neno hilo mpaka likawa gereza. Barabara inayopita Mbagala nayo ni Barabara ya Kilwa. Ifuate mpaka Kilwa Masoko, uvuke maji hadi Kisiwani, utakuta ngome ambayo wenyeji wanaiita Gereza mpaka leo. Waomani waliijenga upya mahali Wareno walipojenga ya kwao mwaka 1505.

Basi rekodi ya kwanza naitoa hapo: kanisa lililodumu kuliko yote pwani yetu ni lile lililobaki kwenye neno. Kuta zilikwisha, neno tunalipanda kila siku kwenda kazini.

Orodha hii ilizaliwa kwenye ubishi. Tulikuwa tumekaa kivulini nje ya kigango kimoja huku Temeke, tukisubiri lori la kenchi na mabati. Mmoja akasema kanisa kongwe kuliko yote kwetu ni la Bagamoyo. Mwingine akashikilia Zanzibar. Wa tatu akaapa ni lile lenye mnara wa ncha kali pale karibu na boti za Zanzibar. Fundi mwashi, mzee mwenye chokaa mpaka kwenye kope, alitusikiliza kwa muda mrefu kisha akauliza: "Kongwe kwa mawe, au kongwe kwa waliosali humo?" Hakuna aliyemjibu. Nimetembea na swali lake tangu siku ile, na majibu ninayoleta hapa nayapima kwa mawe na kwa watu pia.

Kongwe

Kwa dunia nzima, kanisa kongwe lililochimbuliwa na kujulikana umri wake ni nyumba ya mtu. Liko Dura-Europos, nchini Syria, na ni la karne ya 3. Mwenye nyumba, au waliomfuata, walibomoa ukuta wa kati ya vyumba viwili wakapata ukumbi, na chumba kingine wakakifanya cha ubatizo, wakachora picha ukutani. Hakuna mnara wala kengele. Kwa hiyo wale wanaoanzia sebuleni kwa muumini kule Chamazi au Goba, viti vya plastiki vikiazimwa kwa majirani, wasijione wanyonge. Ndivyo makanisa yalivyoanza.

Kwa upande wetu wa Afrika, heshima ya ukongwe ni ya Ethiopia, wala hakuna wa kuigombania. Mfalme Ezana wa Aksum alipokea Ukristo katika karne ya 4, na sarafu zake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani kuchapwa msalaba. Kati ya makanisa ambayo bado yamesimama, la Debre Damo huko Tigray linatajwa miongoni mwa makongwe zaidi, na monasteri yake ni ya karne ya 6. Nalipa pia rekodi ya mlango mgumu kuliko yote: liko juu ya mlima wenye kingo zilizokatika kama meza, na mgeni hupanda kwa kamba ya ngozi, mita 15 hivi za ukuta mtupu wa jabali. Wanawake hawaruhusiwi kupanda.

Fundi wetu angependa kuta za kule. Waaksumu walipanga tabaka la mawe, kisha tabaka la mbao, kisha mawe tena, na vichwa vya magogo yaliyofunga ukuta wakaviacha vimechomoza nje. Wataalamu huviita vichwa vya nyani. Ukiviona mara ya kwanza unaweza kudhani ni pambo, kumbe ndivyo vinavyoshika jengo.

Lililojengwa kwa kuondoa

Makanisa 11 ya Lalibela, kazi ya karne za 12 na 13 kwa masimulizi ya wenyewe, hayana tofali hata moja. Katika baadhi yake mafundi walisimama juu ya mwamba wakachimba handaki kuzunguka bonge kubwa la jiwe, kisha wakalichonga bonge hilo kuanzia paani kushuka msingini, nje na ndani. Kubwa kuliko yote, Bete Medhane Alem, lina urefu wa mita 33 na upana wa mita 23 hivi, na linahesabiwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote duniani lililochongwa katika jiwe moja.

Fikiria kazi hiyo kwa macho ya mtu wa ujenzi. Huku kwetu tofali likipinda unaling'oa, plasta ikipasuka unaziba. Kule nguzo ikikatwa vibaya imekwisha, maana nguzo hiyo ni sehemu ya mlima. Hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Nililolipenda zaidi si hilo kubwa. Ni Bete Giyorgis, Kanisa la Mtakatifu George, lililochongwa kwa umbo la msalaba ndani ya shimo la kina cha mita 12 hivi. Makanisa mengi huonyesha msalaba kwa kuunyanyua, uonekane kutoka mbali. Hili msalaba wake umelala chini, usawa mmoja na ardhi, na mpita njia asiyejua anaweza kukaribia asione kitu mpaka afike ukingoni. Juu ya paa imechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Mto unaopita mjini hapo unaitwa Yordani. Wahabeshi wanasimulia kwamba Mfalme Lalibela alitaka watu wake wapate Yerusalemu yao nyumbani. UNESCO iliyaingiza makanisa haya katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, lakini mahujaji wa kanzu nyeupe walikuwa wakiyajaza karne nyingi kabla ya orodha hiyo kuwepo, na bado wanayajaza.

Dogo, na lile lililokataa kulala

Kwa udogo, nendeni Malindi, Kenya. Kanisa dogo la Wareno lililo pale pwani lilikuwepo kabla ya mwaka 1542, mwaka ambao Fransisko Ksaveri alipita akielekea India. Ni chumba kimoja chenye paa la makuti na makaburi machache uani. Ukipita kwa haraka utadhani ni banda la mlinzi. Hata hivyo ni miongoni mwa majengo makongwe ya Kikristo kusini mwa Ethiopia, na paa lake la makuti linanifurahisha kuliko marumaru za wengine, kwa sababu ndilo paa ambalo mvuvi yeyote wa Kunduchi angejua kulirudishia.

Rekodi ya kuanguka na kuinuka naipa Namirembe, Kampala. Moja ya makanisa ya awali ya kilima kile lilibomolewa na dhoruba mwaka 1894. Lililofuata liliharibiwa na mchwa. Likajengwa la matofali, likapigwa na radi mwaka 1910 na kuungua. Linalosimama sasa, lenye kuba linaloonekana toka mbali, lilikamilika mwaka 1919. Upepo, mchwa, moto, na watu wakarudi kila mara kubeba udongo na matofali.

Urefu nitautaja kwa sentensi moja tu, kwa kuwa ndio unaopendwa na wengi: Basilika ya Mama wa Amani ya Yamoussoukro, Ivory Coast, iliyobarikiwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990, ina kimo cha mita 158, na inahesabiwa miongoni mwa makanisa makubwa kuliko yote duniani.

Ndugu wawili wa bandarini

Sasa turudi Dar es Salaam. Jiji letu ni changa. Sayyid Majid alianza kulijenga katika miaka ya 1860, kwa hiyo hatuwezi kushindana na Aksum. Lakini tuna jambo ambalo miji mingi haina: makanisa mawili makuu, la Kikatoliki na la Kilutheri, yaliyoinuka katika miaka ileile, mbele ya bandari ileile, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Yote mawili yalikamilika mwaka 1902. La Mtakatifu Yosefu lilianza 1897 chini ya Wabenediktini, la Azania Front likaanza 1898 chini ya wamisionari wa Kijerumani wa Kilutheri.

Simameni mbele yake mlinganishe. Mtakatifu Yosefu ni la mtindo wa Kigothi: kila kitu kinachongoka, matao, madirisha, mnara. Tao lililochongoka lina kazi mbili. Hubeba uzito wa ukuta na kuushusha pembeni, na humlazimisha anayeingia kuinua macho. Ingia alasiri, jua linapopiga vioo vya rangi vya nyuma ya madhabahu, usimame tu. Kuna picha humo ambazo bado zina maandishi ya Kijerumani.

Azania Front lina paa la vigae vyekundu na mnara ambao mtu angetarajia kuuona Bavaria. Lakini tazama juu ya madirisha. Kila moja lina kijipaa chake cha vigae, kama mtu aliyeweka kiganja juu ya nyusi kukinga jua. Huko Ujerumani watu wanalitafuta jua, hapa mjenzi ilimbidi alikimbie. Hicho kijipaa ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika jengo lile, kwa kuwa hapo ndipo Dar es Salaam ilipoingia kwenye mchoro.

Kisha ukiwa ndani, geuza shingo utazame kenchi. Kwa Kilatini ukumbi mkuu wa kanisa ulipewa jina la chombo cha baharini, navis, kwa sababu waumini walijiona kama abiria wa safina, wakivushwa pamoja. Watu wa nchi za bara wanahitaji kuelezwa picha hiyo. Aliyezaliwa Kigamboni, aliyekwishaona jahazi limepinduliwa mchangani likipigwa kalafati, hahitaji. Ni mbavu zilezile.

Makanisa haya yalisimamishwa wakati mgumu, na haifai kulificha hilo. Wabenediktini walianza Pugu mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa upinzani dhidi ya Wajerumani uliokuwa umewaka pwani yote, misheni ile ilivamiwa na wamisionari wakauawa. Miaka 3 tu baada ya kanisa la Mtakatifu Yosefu kukamilika, Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa akielekea Peramiho, Majimaji ikiwa imeanza. Kwa wenyeji wengi wa siku zile mnara wa kanisa na bendera ya Mjerumani vilikuwa kitu kimoja. Ilichukua vizazi kadhaa mpaka majengo hayo yakawa yetu. Ndani ya Mtakatifu Yosefu aliongoza Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kardinali, mwaka 1960, akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam kuanzia 1968.

Lililolaza maiti ya msafiri

Bagamoyo nitapita upesi, kwa sababu wengi wanapajua na Wakatoliki tulisherehekea pale miaka 150 ya imani mwaka 2018. Kanisa la kwanza la mapadri wa Roho Mtakatifu lilijengwa mwaka 1872, na kilichobaki ni mnara mfupi. Humo ndimo ulimolazwa mwili wa msafiri David Livingstone usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kutoka Chitambo, iliyo Zambia ya leo, mwendo wa takriban miezi 9. Mnara unaitwa wa Livingstone. Kwa haki ungeitwa wa wabebaji.

Lenye madhabahu mahali pazito kuliko pote

Hii ndiyo rekodi iliyonifanya niandike.

Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar, limekaa juu ya lililokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873. Siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere, ambaye ndiye aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alisimamia ujenzi mwenyewe. Alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu.

Madhabahu yenyewe iliwekwa pale ambapo, kwa masimulizi yanayotunzwa kanisani hapo, palikuwa na mti au nguzo ya kuwachapia watumwa ili wanunuzi wapime uvumilivu wao. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lenye wekundu, na wekundu huo ni damu. Sijaona katika kanisa lolote alama inayosema mengi kwa rangi mbili tu. Padri anapoinua kikombe, anakiinua juu ya duara hilo. Pembeni kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti ule wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden Clara Sörnäs.

Kwa mafundi nina habari nyingine. Nyumba za mawe za pwani yetu zina vyumba vyembamba kwa sababu moja: boriti za mikoko hazina urefu wa kutosha kuvusha dari pana. Ndiyo maana ukiingia nyumba kongwe ya Mji Mkongwe unakuta vyumba virefu kama ujia. Steere alitaka ukumbi mpana usio na nguzo katikati. Akachanganya tumbawe lililopondwa na saruji, akatengeneza paa la mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Watu wengi walitabiri kwamba litaanguka siku mbao za kushikilia zitakapotolewa. Zikatolewa. Limekaa miaka zaidi ya 140.

Na zipo zile nguzo za upande wa kisima cha ubatizo. Masimulizi yanasema Steere alisafiri, aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha kichwa chini. Hakuzing'oa. Nimezishika kwa mkono, zile sehemu zilizopambwa ambazo zilipaswa kuwa juu ziko karibu na sakafu, mtoto anaweza kuzigusa. Waliozisimamisha walikuwa watu ambao pengine hawakuwahi kuona nguzo ya namna ile, na baadhi ya waliofanya kazi kwenye misheni ile walikuwa wameokolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kuziacha kama zilivyo kulikuwa kuziacha kazi za mikono yao zionekane.

Sasa hesabu waliochangia. Masimulizi yanasema sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindu. Saa ya mnarani ilikuwa zawadi ya Sultani Mwislamu. Tumbawe na chokaa ni ufundi wa Waswahili, uleule uliojenga misikiti ya pwani karne nyingi kabla ya askofu yeyote kufika.

Na hapo narudi jijini kwetu, Kinondoni, maana ukiuliza nyumba ya ibada kongwe huku pembezoni mwa jiji ni ipi, jibu la kweli ni msikiti. Ni magofu ya Kunduchi, yenye umri wa karne 5 hivi, na makaburi yake ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Papasa ukuta wake kisha ukapapase ukuta wa Mkunazini: tumbawe lilelile, lenye vijitundu vilevile. Mkristo wa Tegeta anayetaka kujua asili ya ujenzi wa makanisa ya pwani aanzie pale, avue viatu, aombe ruhusa.

Nimalizie kwenye kile kigango chetu. Lori la kenchi lilifika jioni ile, tukashusha. Kanisa jipya ni kubwa, na lile dogo la kwanza, la tofali za kufyatua kwa mkono, lilikuwa limepangiwa kubomolewa ili kupata maegesho. Temeke, Ubungo, Kigamboni, Kinondoni, kila wiki mahali fulani kigango kinakuwa parokia, mtaa unakuwa usharika, na kanisa la kwanza linaondoka na trekta. Kabla hamjalibomoa, pigeni picha kila upande. Pimeni urefu na upana muandike. Waulizeni wazee ni nani alifyatua tofali, nani alichota maji, nani alitoa kiwanja, hata kama hakuwa wa dini yenu, na majina hayo yachongwe kwenye jiwe la msingi la kanisa jipya pamoja na mwaka. Ikiwezekana, acheni ukuta mmoja. Fundi wetu tulimwandika, na jina lake sasa liko kwenye saruji upande wa kulia wa mlango.